Nani Ashuhudiaye Kuwa Yupo?

Neno mahudhurio tumelipata kwa Kiarabu, na asili ya maana yake ni kuwapo mbele ya watu. Basi mwalimu atiapo alama penye jina la mwanafunzi, hafanyi kazi ya karani peke yake. Anashuhudia. Ni kama asemaye, "Huyu nimemwona leo kwa macho yangu." Sisi watu wa mwambao tumefunzwa tangu chuoni kwamba ushahidi ni jambo zito. Kwa hiyo haifai kulitazama jambo hili jipya, la kuandika mahudhurio kwa programu ya simu, kana kwamba ni mchezo wa vijana.

Mimi nimeliona kwa karibu huko Moshi. Kwetu ni Tanga, na njia hiyo si ngeni kwa watu wetu: misafara iliipita zamani, kisha reli iliyoanzia Tanga ikafika Moshi mwaka 1911. Dada yangu aliolewa Machame, na mwanawe wa kwanza ni mwalimu wa shule ya msingi huko huko mlimani.

Baada ya Sensa ya Agosti 2022 serikali iliwagawia walimu vishikwambi, vikiwamo vile vilivyotumika kuhesabia watu. Mpwa wangu alinionyesha chake. Asubuhi huchagua darasa, majina yakatokea, akagusa ya wasiokuwapo, akatuma. Na kwa kuwa vilima na mabonde ya huko huzuia mtandao, chombo huyaweka majina hayo mpaka mwalimu apande mahali penye mawimbi. Daftari la karatasi nalo bado lipo, na hulijaza vilevile! Kazi moja mara mbili, na mshahara ni ule ule.

Hata hivyo faida yake si haba. Nani kati yetu hajapata kuona daftari lililojazwa Ijumaa kwa wiki nzima, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, watoto wote wapo, hata yule aliyelazwa hospitali? Programu huandika saa na dakika alama ilipotiwa, na mwalimu mvivu huona haya. Tena Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto aliyeandikishwa shule ya msingi anahudhuria, na madarasa yamefurika tangu ada zilipofutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016. Mwalimu mwenye watoto wengi hivyo atamkumbukaje aliyekosekana Jumanne iliyopita?

Mpwa wangu aliona katika hesabu zake kwamba msichana mmoja wa darasa la sita hukosa kila siku ya soko, wala hakosi siku nyingine. Katika programu hiyo mlikuwa na maneno matatu ya kuchagua: yupo, hayupo, mgonjwa. Akamwandika hayupo, kwani ndiyo kweli. Lakini hakuishia hapo. Alitelemka bondeni akapanda ng'ambo ya pili hadi nyumbani kwao, akamkuta bibi mwenye maumivu ya magoti, na mikungu miwili ya ndizi imewekwa mlangoni. Aliyekuwa akiipeleka sokoni alikuwa huyo mtoto, na fedha yake ndiyo ya chumvi, mafuta ya taa na madaftari ya shule.

"Mjomba," aliniambia, "kama ningetuma tu, huko juu wangesoma kuwa ni mtoro."

Walizungumza na jirani mwenye pikipiki. Siku za soko nyingine huipeleka mikungu hiyo, nyingine huwa ana abiria wa kulipa zaidi, na mtoto hukosa tena. Hayo ndiyo niliyoyaacha.

Jambo jingine ni namba ya simu ya mzazi. Shule nyingine hutuma ujumbe nyumbani mtoto asipofika. Vizuri sana, lakini nimesikia ya kijana wa sekondari aliyetoa namba ya laini yake mwenyewe kuwa ndiyo ya baba, akawa anapokea taarifa za utoro wake na kuzijibu kwa adabu: "Ahsante mwalimu, nitamrudi." Wazazi, ulizeni shuleni ni namba gani iliyoandikwa!

Mjini Moshi, ambako vyuo ni vingi, nilimtembelea kijana wa jirani yetu wa Tanga. Chuoni kwao mhadhiri huangaza ukutani mraba wa vidoto vyeusi na vyeupe, na kila mwanafunzi huupiga kwa simu yake, jina likaingia. Wenzake wameshapata hila: mmoja huupiga picha na kuwatumia waliolala bwenini, nao wakaandikwa wapo. Mwanafunzi akipungukiwa mahudhurio hazuiliwi kusoma, bali huzuiliwa mtihani.

Kijana huyu ana somo Ijumaa saa saba mchana, na mraba huonyeshwa mwanzoni mwa kipindi, wakati yeye yuko msikitini. Rafiki yake akamwambia, "Wewe nenda kaswali, mimi nitakutumia picha." Akaniuliza, "Mzee wangu, hapa pana ubaya gani? Sikwenda kucheza, nimekwenda kuswali."

Nikamuuliza, "Ukiulizwa saa saba na robo ulikuwa wapi, utasema msikitini au darasani?" Akanyamaza. Nami sikumlaumu, maana aliyetaka kumsaidia alikuwa na nia njema, na mtihani ni mtihani.

Siku ya pili waliandika barua, yeye na wenzake wanne, wakaomba mraba uonyeshwe mwisho wa kipindi badala ya mwanzo, nao wako radhi kufidia dakika zilizowapita. Picha aliikataa. Nilipopanda basi kurudi Tanga barua ilikuwa haijajibiwa, na katika simu yake alikuwa ameshaandikwa hayupo Ijumaa tatu.