Sauti ya Marehemu Baba katika Kadi ya Memori

Katika nyumba nyingi za Waislamu huku kwetu Tanga kipo kiredio kidogo kinachoenea kiganjani, chenye kitundu cha kadi ya memori ubavuni na kioo kinachowaka tarakimu. Alfajiri hutoa Qur'an, mchana mawaidha, jioni qaswida, na watoto wakikishika hutoa mengine ambayo si mahali pake hapa. Bei yake ni ndogo, na kwa sababu hiyo kikiharibika watu hukitupa wakanunua kingine. Cha mama yangu hakikuwa cha kutupwa.

Mama ana maradhi ya presha ya macho, na ni miaka sasa hajaweza kusoma. Ndani ya kiredio chake zimo darsa za marehemu baba, Mwenyezi Mungu amrehemu: tafsiri ya Juzuu Amma aliyoisomesha msikitini baada ya Maghribi mwaka 1993 na 1994, kanda 23 za dakika tisini kila moja. Jamaa yetu mmoja alizihamishia katika kompyuta, kisha katika kadi. Kompyuta hiyo baadaye iliibwa, na kanda zenyewe zilikwishagawanywa kwa ndugu, huyu mbili, yule tano, kama vinavyogawanywa vitu vya marehemu. Basi kila siku baada ya Alasiri mama hukaa barazani, kiredio pajani, akachambua mchele huku akimsikiliza mumewe akisomesha.

Ubaya ulianza kwa sauti kukatikakatika. Kisha darsa moja ilianza kwa sauti ya baba, ikafika katikati ikageuka kuwa qaswida yenye matari. Siku ya tatu kiredio kikakataa kabisa kusoma kadi. Kila kikiwashwa hurudi chenyewe upande wa redio na kutoa mvumo. Mama alisema neno moja tu: "Mwanangu, kitazame. Mwalimu amekatizwa." Tangu alipoolewa hadi leo hajapata kumwita baba kwa jina jingine.

Chombo cha namna hii kina sehemu chache, na kila moja inaweza kuulizwa peke yake. Ya kwanza kuulizwa ni betri. Viredio vingi hutumia betri bapa ya BL-5C, ile ile ya simu za Nokia za zamani, na ikichoka sauti hukatika hasa unapoiongeza, kwa kuwa spika huhitaji umeme mwingi kuliko betri inavyoweza kutoa. Betri iliyovimba haifai kushindiliwa irudi mahali pake, wala kutobolewa, kwani inaweza kuwaka moto. Ya mama haikuvimba. Hata hivyo niliibadilisha na nyingine iliyokuwa katika simu ya zamani, na ugonjwa ukabaki pale pale.

Spika nayo ilijitetea yenyewe. Ule mvumo wa redio uliomkera mama ulikuwa ushahidi: spika iliyokufa haivumi. Na kama kitundu cha hedifoni kingekuwa na uchafu uliokidanganya chombo kwamba hedifoni zimechomekwa, basi redio nayo ingenyamaza. Nikatia stesheni ya hapa mjini, ikasikika vizuri. Lawama ikabaki kati ya kitundu cha kadi na kadi yenyewe. Nikaisugua kadi kwa raba ya kufutia penseli, polepole, kwenye vile vipande vya rangi ya dhahabu, haikusaidia. Nikaazima kadi ya jirani, kiredio kikaisoma mara moja. Nikaitia kadi ya mama katika simu yangu. Simu ikasema kadi imeharibika, na kwamba nibonyeze hapa ili ifomatiwe.

Sikubonyeza. Nilikwenda kwa fundi mmoja, kijana mwenye adabu na mikono myepesi, naye akatoa ushauri ule ule wa simu. "Shehe, hii tuifomati tu, itapona." Alisema kweli, ingepona kadi. Kufomati ni kuandika upya daftari la kadi, lile linaloonyesha kila faili limeanzia wapi na kuishia wapi. Kadi husahau kilichomo na kujiona tupu. Mara nyingi maandishi yenyewe hubaki chini, lakini faili la kwanza utakalotia huanza kukaa juu yake. Kwa mtu mwenye nyimbo anazoweza kuzipata kwingine, ushauri wa fundi ni mzuri na rahisi. Nilimshukuru, nikachukua kadi yangu.

Kazi niliifanya usiku kwa siku tatu, pamoja na mpwa wangu anayesoma chuo. Jambo la kwanza ni kutoiandikia kadi chochote. Tuliinakili yote ilivyo, nzima na mbovu yake, katika kompyuta, kisha kadi tukaiweka ndani ya bahasha. Ile nakala ndiyo tuliyoifanyia kazi kwa programu ya bure iitwayo PhotoRec, iliyoandikwa na Mfaransa Christophe Grenier. Jina lake laonyesha kwamba ni ya picha, lakini hutafuta sauti pia. Haiulizi daftari la kadi. Hupita sehemu kwa sehemu ikitambua faili kwa alama za mwanzo wake. Sauti ya MP3 nayo ina tabia inayosaidia, kwani imekatwa vipande vidogo vya takriban milisekunde 26, kila kimoja na alama yake, hivyo hata faili lililokatika kichwa huweza kuchezwa kuanzia palipobaki.

Asubuhi ya siku ya nne tulikuwa na mamia ya mafaili, na hakuna hata moja lililokuwa na jina. Programu ile huyaita kwa herufi f na tarakimu za mahali lilipopatikana kwenye kadi. Majina tuliyokuwa tumeyazoea yote yalipotea. Ilibidi kusikiliza moja moja, na hapo mimi na mpwa wangu, pamoja na kompyuta yetu, tukawa hatuna la kufanya ila kumbebea bibi kiti.

Mama aliketi, nikacheza faili la kwanza kwa nusu dakika. "Hii ni ile ya mvua," akasema, na kweli nilipotega sikio nikasikia mabati ya msikiti wa zamani yakinguruma nyuma ya sauti ya baba. La pili: "Hapa alikuwa na mafua. Wiki ile nilimpikia uji wa pilipili manga." La tatu akamtambua mzee aliyekuwa akiuliza swali, akamtaja, akamwombea rehema, akasema yeye alikuwa akiuliza swali moja kila wiki na baba alikuwa akimjibu kila wiki kana kwamba ni jipya. Mpwa wangu aliandika: Mvua. Mafua. Swali la mzee. Baadaye tulitia na majina ya sura, lakini yale ya mama hatukuyafuta.

Mafaili yalipopangwa kwa tarakimu zake, tuliona jambo. Kanda nane za mwanzo, kuanzia An-Nabaa hadi Al-Infitwaar, hazikuwapo. Mahali pake, karibu megabaiti 700 za mwanzo wa kadi, zilikaa qaswida. Darsa ya dakika tisini katika kipimo cha kawaida cha MP3 ni kiasi cha megabaiti 86, na nane ni kiasi hicho hicho. Basi tulipokwisha kuokoa kila kilichookoleka, tukaijaribu kadi kwa H2testw, programu iliyotolewa na jarida la kompyuta la Ujerumani, c't. Huijaza kadi maandishi, kisha huyasoma tena ione kama yamerudi vile vile. Kadi iliyoandikwa GB 32 ilikuwa na GB 8.

Walaghai huifundisha kadi kutaja ukubwa isiokuwa nao. Simu huamini, kompyuta huamini, na mnunuzi haoni kasoro yoyote maadamu hajavuka ukubwa wa kweli. Akivuka, kadi ya namna hii hairudishi kitu wala kulalamika. Hurudi mwanzo na kuandika juu ya kilichotangulia. Na mwanzo ndipo palipokuwa daftari, na baada ya daftari, baba. Kila qaswida iliyotiwa kwa nia njema kumfurahisha mama ilikuwa ikimfuta mumewe. Duka lilipouziwa kadi ile silitaji, nalo huenda lilidanganywa vile vile na aliyeliuzia.

Darsa ya kwanza iliyosalimika ni ya sura ya Al-Mutwaffifiin, ile inayowakemea wanaopunja vipimo. Mpwa wangu alicheka aliposikia, kisha akaacha. Mimi sikuona la kucheka: baba anaeleza mzani wa muuza dagaa wa soko la wakati wake, nasi tunamsikiliza kutoka kadi iliyopunjwa robo tatu.

Darsa zilizobaki sasa zimo katika kadi mbili zilizopimwa kwanza, katika kompyuta ya mpwa wangu, na kwa dada yangu aliyeko Muscat. Kwa zile nane tumeanza kuzitafuta kanda zenyewe. Shangazi yetu Pangani amekutwa na tano, ndani ya kopo la biskuti. Deki ya kuzichezea tunayo, lakini mkanda wake wa mpira umelegea kwa umri, na ukilegea sauti huburuza, hivyo fundi anatafuta mwingine wa kipimo hicho. Vichwa vyake amekwishavisafisha kwa spiriti. Mama anauliza kila siku imefikia wapi. Kati ya zile tano moja ina ukungu mweupe ukingoni. Hiyo haichezwi kwanza, maana ukungu huhamia kwenye deki na kuziambukiza nyingine, na utepe ulionatana huweza kukatika. Tumeiweka peke yake katika mfuko mkavu, mpaka apatikane mtu anayejua kuisafisha.