Ngoma za Bulabo katika Bujora

Kila mwaka ifikapo mwezi wa Juni, mavuno yakiisha kuingia ghalani, njia za Kisesa hujaa watu wenye ngoma na majembe, na wengine hubeba hata chatu walio hai. Wanakwenda Bujora, katika wilaya yetu ya Magu, kucheza Bulabo. Neno hili kwa Kisukuma ni maua, yaani yale yanayotupwa njiani katika maandamano ya sikukuu ya Ekaristi Takatifu. Mgeni aweza kuuliza, Sakramenti na chatu zimekutanaje mahali pamoja?

Mashindano haya ni ya zamani kuliko misioni. Katika karne ya 19 walikuwako watu wawili, Ngika na Gumha, mafundi wa ngoma na wa dawa, wakashindana. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, na wa Gumha Bagalu. Vyama hivi viwili hucheza wakati uleule, kila kimoja upande wake wa uwanja. Watazamaji wenyewe ndio waamuzi: hukimbilia kule kunakopendeza, na penye watu wengi ndipo penye ushindi. Kwa hiyo kila kiongozi hutafuta hila ya kuwavuta. Huyu hurusha jembe juu na kulidaka, yule hujizungushia chatu shingoni. Na hila iliyoogopwa kuliko zote ilikuwa dawa, iitwayo samba.

Hapo ndipo ilipokuwa shida yetu Wakristo. Marehemu baba yetu alikuwa wa Bagika. Alipoandikwa miongoni mwa wakatekumeni, mwalimu wake wa dini alimwambia achague, ngoma au ubatizo. Alichagua ubatizo, akaitundika ngoma yake darini juu ya moshi, asiipige tena. Lakini jioni za kiangazi, mlio wa ngoma ulipovuka bonde, sisi watoto tuliona vidole vyake vikigonga ukingo wa kiti. Mwalimu yule hatumlaumu sana, maana dawa ilikuwa dawa kweli; walakini aliukata mti mzima kwa ajili ya tawi moja.

Katika miaka ya 1950 alikuwako Bujora Padre David Clement, mzaliwa wa Kanada, wa shirika la Mapadre Weupe. Yeye aliwaita wazee, akawauliza habari za watemi na za ngoma, akakusanya vyombo vyao, ndiyo asili ya makumbusho ya Wasukuma yaliyoko hata leo. Kanisa la pale ni la mviringo, kwa mfano wa nyumba ya mtemi. Na sikukuu ya Ekaristi ikawa siku ya Bagika na Bagalu pia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati yake juu ya liturujia, tarehe 4 Desemba 1963, ukiagiza muziki wa mataifa upewe heshima yake, padre huyu alikuwa amekwisha kuianza kazi hiyo.

Je, samba imekwisha? Hatuwezi kuapa.

Mwaka mmoja tulimpeleka baba Bujora, naye alikuwa mzee wa mkongojo. Alisema atafuata maandamano tu, kisha arudi nyumbani. Maua yalitupwa, baraka ikatolewa, tukapita kando ya uwanja. Ngoma ya Bagika ikalia. Baba akasimama kitambo, rozari shingoni, akatutazama.

“Nishikieni mkongojo huu, wanangu,” akasema, akaenda.

Siku ile walishinda Bagalu.