Kamusi na Kioo Chake

Columbus, Ohio
Jumamosi, 4 Novemba 2023

Nimeipata. Oxford English Dictionary, chapa ya 1971, ile iliyobanwa: juzuu 13 zimekuwa 2, kurasa nne za asili zimepunguzwa zikaenea kwenye ukurasa mmoja. Kasha limekwanguka pembe, lakini kidroo cha juu kinavutika vizuri na kioo cha kukuzia kimo ndani. Muuza vitabu kaniambia zimezagaa Marekani nzima, kwa kuwa Book-of-the-Month Club ilikuwa ikiziuza kwa bei ya kutupa ili ipate wanachama.

Mama Salma kaitazama pale mezani. "Baba Salma, kwani simu yako imekufa?" Sikumjibu, nilikwisha inama.

Jumapili, 5 Novemba

Kutwa na barua za balozi mmoja wa Kiingereza aliyekaa Unguja karne ya 19. Natakiwa nizitie katika Kiswahili. Kila mara anataja factory, na simu hainipi ila kiwanda. Balozi hakuwa akizungumzia mashine. Nikachukua kioo. Herufi ni kama mayai ya chawa, lakini maana ilikuwapo: kituo cha wafanyabiashara walio ugenini. Chini yake zimepangwa sentensi zilizonukuliwa vitabuni, ya kale kwanza, kila moja na mwaka wake, mwandishi wake na kitabu chake.

Chuoni kwetu Lamu mwalimu hakupokea hadithi bila isnadi. Nani kasema, kapokea kwa nani? Leo nimeona Waingereza nao walitaka kila maana ije na wapokezi wake. Ndiyo maana naiamini. Haiishii kuniambia neno lina maana gani. Inanipa mashahidi, nikitaka nibishane nao.

Jumamosi, 11 Novemba

Usiku nimesoma habari za waliowakusanya mashahidi hao. Wazo lilitoka kwa Chama cha Filolojia cha London mwaka 1857. James Murray alikabidhiwa uhariri 1879, akatoa wito kwa wasomaji popote walipo: soma kitabu, nakili sentensi kwenye kikaratasi, andika neno juu pembeni, mwaka, mwandishi, ukurasa, kisha tia posta. Vikaratasi vikamiminika kwenye kibanda cha mabati alichokijenga kwake, kuta zake zimejaa vishubaka. Mmoja wa waliomtumia vingi mno, William Minor, alikuwa daktari wa jeshi la Marekani aliyefungwa hospitali ya wendawazimu ya Broadmoor kwa kuua mtu.

Sehemu ya kwanza ilitoka 1884. Murray alikufa 1915, kazi haijaisha. Ilikamilika 1928, na nukuu zaidi ya milioni 1.8.

Jumapili, 19 Novemba

Leo nimetafuta African. Halimo. Nikasogeza taa, nikapitisha kioo tena: mahali pake pa kialfabeti ni patupu. American limo.

Murray aliandika sababu katika dibaji ya juzuu ya kwanza. Baada ya kushauriana, walionelea sifa itokanayo na jina la mahali haina haki ya kuingia. Miezi ikapita, wakafika American, wakaona maneno yanayozaliwa nalo hayaelezeki bila lenyewe. Wakalitia. Ndipo mtu akauliza: na lile la Afrika je? Wakati ulikwisha pita.

Nilikasirika kidogo, nikatengeneza chai. Lakini chai haijapoa nilikuwa nimerudi mezani, maana hili ndilo jambo ambalo nisingeliona kwingine. Kilichokwisha pigwa chapa hakirudi nyuma. Wenye kamusi walisahihisha baadaye, na walifanya vyema, ila ukurasa wa 1884 ungali unasema nani alihesabiwa na nani alisubirishwa mlangoni.

Alhamisi, 23 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Salma karudi kutoka chuo kikuu. Alikuja kunicheka, akashika kioo "dakika moja tu, Baba", akatafuta neno la somo lake, akavutwa na la juu yake, kisha la ukurasa wa pili. Chakula kilipakuliwa akaitwa mara mbili.

Mezani tukabishana. Yeye ashika lake: kamusi ya mtandaoni ina maneno mengi zaidi, imefanyiwa marekebisho tangu 2000, na haina haja ya kumtoa mtu macho. Yote kweli, na mimi mwenyewe naisoma kwa kadi ya maktaba. Nikamwambia mfasiri wa barua za kale ahitaji zote mbili. Ya mtandaoni yampa wanazuoni walichokwisha kijua leo. Ya karatasi yampa walichokiona wao wakati ule, pamoja na walichokipita bila kukiona, na huyo balozi wangu wa Unguja alikuwa mtu wa zama zao.

"Basi ukirejea Lamu utaiacha hapa," akasema, "itakuwa yangu."

Nimemwambia anunue yake. Zimezagaa.