Nywele za Brashi

Brashi niliyoanzia kazi haikutoka dukani. Ilikuwa ya usumba, nyuzi za makumbi ya nazi ambayo wanawake wa mashamba ya pwani huyafukia kwenye tope la bahari kwa miezi, kisha huyafukua na kuyaponda ili wasokote kamba. Fundi wangu alinunua fungu, akalifunga kwenye kijiti, akalisawazisha ncha kwa kisu, akanikabidhi pamoja na ndoo ya chokaa. Ilikuwa katikati ya miaka ya 1980, bidhaa ndiyo kwanza zinarudi kwenye maduka ya Darajani, hapa Unguja, nami nimetoka skuli sina mbele wala nyuma. Nikaamini tunatumia usumba kwa sababu ya shida ya wakati ule.

Haikuwa shida. Fundi alikuwa na brashi tatu za dukani, nyeusi, za Kichina, ndani ya mkoba wa turubali ambao sikuruhusiwa kuugusa. "Zile si za chokaa, mwanangu," aliniambia, na kwa muda mrefu hakuniambia zaidi ya hapo. Maelezo niliyapata mwenyewe kwenye vidole. Chokaa hula kila kilichotoka mwilini mwa kiumbe: ngozi, kucha, jicho likirukiwa na tone, na nywele za mnyama pia. Ndiyo maana tulijipaka mafuta ya nazi mikononi kabla ya kuanza. Brashi ya nywele ukiishindisha ndani ya ndoo ya chokaa, nywele zitalegea, kisha zitaanza kukatika na kubaki ukutani. Usumba umetoka kwenye mti, chokaa haiuwezi.

Na nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja zinaitaka chokaa. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, zinakunywa maji wakati wa masika na kuyatoa wakati wa kaskazi. Ukizipaka rangi ya plastiki, maji hubaki ndani, na baada ya misimu michache plasta inavimba na kudondoka vipande vipande. Chokaa ya kupaka huwa nyepesi kama maziwa. Unarowesha ukuta kwanza, unapaka mkono mmoja, unangoja, unapaka mwingine. Ikiwa mbichi haionekani, mwenye nyumba asiyejua hudhani unampaka maji. Weupe unakuja inapokauka. Kwa kazi hiyo unataka brashi pana, ngumu kidogo, inayobeba maji mengi na kuyasukuma kwenye vinyweleo vya jiwe. Sijaona brashi ya dukani inayoishinda ya usumba hapo.

Mkoba ule ulifunguliwa tulipofika kwenye milango. Mlango wa nakshi hauchezewi, wala hatukuwa tunaupaka rangi. Huo ulipakwa mafuta tu. Lakini madirisha, mbao za baraza na milango ya ndani vilipakwa rangi ya mafuta, na hapo ndipo nilipoelewa tofauti ya brashi na brashi. Fundi alichovya theluthi ya nywele tu, akagusisha ncha kwenye ukingo wa kopo, akavuta mstari mmoja wa urefu wa mkono mzima bila kurudi koponi. Rangi ilitoka kidogo kidogo, sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Akaninyooshea brashi niitazame kwenye mwanga. Kila unywele ulikuwa umepasuka nchani, mara mbili, nyingine mara tatu. Katika mipasuko hiyo rangi inajishika, na ndiyo hiyo inayolainisha mistari isionekane ikikauka.

Zilikuwa nywele za nguruwe.

Fundi alijua, na wenye maduka nao walijua, lakini halikuwa jambo la kutangazwa. Nywele za nguruwe wa China zimepasuka nchani kwa maumbile, ni nene shinani na nyembamba kileleni, na kwa rangi ya mafuta hazikupata mpinzani wa kweli kwa miaka mingi. Zile za mji wa Chungking zilikuwa na jina duniani kote. Marekani ilipozuia bidhaa za China mwezi Disemba 1950, wakati wa vita vya Korea, viwanda vyake vya brashi vilibanwa, na hapo nyuzi za nailoni, ambazo tangu 1938 zilikuwa zikitumika kwenye miswaki, zikapata msukumo wa kuingia kwenye brashi za rangi. Kwa hiyo brashi ya plastiki tunayoinunua leo imepita pia mkononi mwa siasa. Huwa nawasimulia vijana hilo wakati wa chai, wengine hawaniamini.

Sasa, katika mji ambao karibu kila mtaa una msikiti, na watu wake wengi ni wa madhehebu ya Shafii, hilo la nguruwe lilikuwa lazima siku moja lije mezani. Lilikuja tulipopewa kazi ya msikiti wa mtaani. Mzee mmoja wa kamati, mtu aliyesoma, aliichukua brashi yangu, akaigeuzageuza, akauliza: "Fundi, nywele hizi za nini?" Fundi wangu hakudanganya. Mzee akairudisha juu ya ndoo kwa vidole viwili, akaenda kunawa.

Mjadala ulichukua alasiri nzima barazani. Kwetu sisi nguruwe ni najisi nzito, nywele zake ni kama nyama yake, na kilichoguswa naye kwa umajimaji huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kijana mmoja aliyesoma nje akaleta kauli ya Wamaliki, ambao nywele kwao si najisi, na ya Wahanafi waliowaruhusu washona viatu kutumia unywele wa nguruwe kushonea ngozi kwa dharura. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwamba msikiti si kiatu. Mwingine akasema kikavu kwa kikavu hakihamishi najisi. Fundi wangu, aliyekuwa kimya muda wote, akasema: "Bwana, rangi ni maji."

Nililipenda jibu lile kwa sababu lilikuwa la dini na la ufundi kwa pamoja. Maana kuta za ndani tulitakiwa kuzipaka rangi ya maji, na unywele wa nguruwe haufai kwa rangi ya maji hata ungekuwa halali. Unakunywa. Baada ya saa moja nywele zimevimba, zimelegea, brashi inajitanua kama inataka kulala, na mstari wa dari unaharibika. Rangi ya maji inataka nailoni au poliesta, nyuzi zisizonywa kitu. Tukakubaliana kuta na dari zipakwe kwa brashi za plastiki mpya. Milango ndiyo iliyotusumbua. Brashi za plastiki za wakati ule zilikuwa na nyuzi butu, unene mmoja juu hadi chini, na kwenye rangi ya mafuta ziliacha michirizi. Tulichagua iliyo laini kuliko zote, tukasugua ncha zake kwenye msasa mpaka zikachongoka kidogo, tukapaka mikono myembamba na kupiga msasa kati ya mkono na mkono. Kazi ilichukua muda mrefu kuliko tulivyolipwa. Milango ilitoka safi.

Mwaka 2017 niliposikia redioni kwamba Malaysia wamekamata maelfu ya brashi zilizoshukiwa kuwa na nywele za nguruwe na kuuzwa bila alama, sikushangaa hata kidogo. Sheria yao inataka kitu kilichotengenezwa kwa sehemu ya nguruwe kiandikwe hivyo. Huku kwetu fundi anajitegemea. Akitaka kujua, ang'oe unywele mmoja auchome kwa kiberiti. Wa mnyama unanuka kama kucha iliyoungua na majivu yake yanasagika kwa vidole. Wa plastiki unayeyuka, unajikunja na kuacha kidonge kigumu. Kipimo hicho hakikwambii ni mnyama gani, lakini kwa brashi nyeupe au nyeusi za Kichina huna haja ya kuuliza zaidi. Tangu msikiti ule nina mikoba miwili, na wa misikiti hauchanganyiki na mwingine.

Mengine ya kuchagua brashi nimeyajua kwa kusimama madukani kwa muda mrefu kuliko wenye duka wanavyopenda. Bei inasema kidogo. Naanza kwa kuzipanua nywele kwa kidole gumba na kuchungulia katikati. Ndani ya ile pete ya bati kuna kipande cha ubao au karatasi ngumu kinachoacha nafasi ya kuhifadhi rangi, na kila brashi inacho. Lakini mwenye kiwanda mjanja huweka kipande kinene ili aweke nywele chache. Kwa nje brashi imenona, ndani kuna pango. Kikiwa cha karatasi, kitalowa na nywele zitaanza kutoka. Halafu naipiga kiganjani mara kadhaa. Unywele mmoja au nywele mbili zikidondoka si neno, kila brashi mpya hudondosha. Ikiendelea kudondosha, naiacha. Halafu naikunja kwenye kiganja na kuiachia. Irudi yenyewe, bila kusaidiwa.

Pete yenyewe huku visiwani ni jambo zito kuliko bara. Hewa ya chumvi inakula bati katika mwezi mmoja, na kutu ikichanganyika na maji inashuka kwenye nywele na kuacha alama ya kahawia katikati ya dari nyeupe. Natafuta chuma kisichoshika kutu, au shaba. Mpini nautaka wa mti mtupu, usiopakwa vanishi, kwa sababu mkono ukitoka jasho vanishi inateleza. Mafundi wengi hununua mpini wenye rangi nzuri. Siwashangai, dukani hakuna joto la kwenye ngazi.

Kwa ukuta mpana siku hizi ni rola, sibishani nayo. Brashi imebakiwa na kona, dari, fremu na mbao, yaani sehemu ambazo macho ya mwenye nyumba huenda kwanza. Kwa hizo nina ya inchi mbili na nusu iliyokatwa mshazari, ambayo ncha yake ndefu inaingia kwenye pembe na kukata mstari bila kubandika utepe. Brashi mpya ya aina hiyo siianzishi kwenye rangi ya mwisho. Inaanza na praima, imalize kudondosha, ijue njia, ndipo ipandishwe cheo. Ya rangi ya mafuta, kama kesho naendelea, sihangaiki kuiosha kwa mafuta ya taa kila jioni. Nimetoboa mpini, napitisha waya, inaning'inia ndani ya kopo la maji bila kugusa chini. Maji huizuia hewa, rangi haikauki. Ikisimama kwenye kitako cha kopo hadi asubuhi, nywele zinapinda na hazinyooki tena.

Wakandarasi wa mahoteli ya pwani wamenizoesha ugomvi mmoja. Wanataka waninunulie vifaa wao, kwa katoni, na katoni ni za brashi zile za pango. Hesabu yao ni ya risiti. Mimi najua kijana atapoteza nusu ya asubuhi akichomoa nywele kwenye fremu kwa ncha ya wembe, kisha arudie mkono mzima, na hilo halimo kwenye risiti yoyote. Siku hizi kwenye makubaliano naandika kwamba brashi ni zangu, na gharama yake imo ndani ya bei ya ufundi. Wawili watatu wamekataa, nami nikaenda zangu.

Madukani nako kumebadilika. Brashi nzuri za nyuzi za plastiki zilizochongoka na kupasuliwa ncha zinapatikana sasa, zinateleza kwenye rangi ya mafuta karibu kama za nguruwe, na kazi za milango ya misikiti hazinisumbui tena. Lakini zinakuja zimefungwa ndani ya mifuko migumu ya plastiki, na wapo wenye duka wasiotaka mfuko ufunguliwe kabla ya kulipa. Kwao sinunui.