"Vita ya Mulele": ugomvi wa wakubwa uliobaki Fizi

LUBONDJA, FIZI – Ukimuuliza mzee wa Lubondja au wa Baraka juu ya vita baridi, huenda akakuuliza ni vita gani hivyo. Muulize juu ya mwaka 1965, naye atajibu mara moja: "Ah, vita ya Mulele."

Jina hilo nalo lina maajabu yake, maana Pierre Mulele hakupigana Fizi. Alikuwa Kwilu, magharibi ya Kongo, zaidi ya kilometa elfu moja kutoka Ziwa Tanganyika, akitumia mbinu alizojifunza China. Waliofika huku mwaka 1964 walikuwa watu wa Gaston Soumialot, wakiongoza vijana walioitwa Simba. Uvira ilianguka mwezi wa tano, na baada ya muda mfupi Fizi yote ilikuwa mikononi mwao. Wakati wa kushambulia vijana walipiga kelele, "Mai Mulele!", wakiamini kwamba dawa ya mganga itageuza risasi kuwa maji. Sauti hiyo ingali inasikika katika jina la Mai-Mai, na wanaolitamka kila siku ni watoto ambao hawajui Kwilu iko wapi.

Wakubwa wa dunia waliingiaje katika jambo hili? Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960, na kabla ya miezi mitatu kwisha nchi ilikuwa imeshavutwa huku na huku. Patrice Lumumba aliona Umoja wa Mataifa hamsaidii kurudisha Katanga, akaomba ndege na malori kwa Wasovieti. Kwa Wamarekani hiyo ilitosha kumhesabu kuwa adui. Aliondolewa mwezi wa tisa na kuuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Wafuasi wake waliposhika silaha miaka mitatu baadaye, Washington haikuona wakulima wenye hasira juu ya wakubwa wapya waliokalia viti vya Wabelgiji. Iliona Wakomunisti. Moscow, Beijing na Havana nao waliona mapinduzi yao wenyewe. Mkulima wa Fizi aliyetaka tu bei nzuri ya mazao yake na mwisho wa viboko, hakuna upande uliomwona.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 1965, mashua kutoka Kigoma ilifika Kibamba, ufuoni mwa Fizi. Ndani yake kulikuwa na Wacuba kumi na wanne, karibu wote weusi. Mmoja wao alikuwa mzungu mwenye pumu. Majina yao ya vita yalikuwa ya Kiswahili, tena ya kuhesabu: kiongozi kwa jina aliitwa Moja, wa pili Mbili, na mzungu akawa Tatu. Huyo Tatu alikuwa Che Guevara, aliyewahi kuwa waziri katika serikali ya Cuba. Wacuba wengine walifuata hadi wakapita mia moja.

Walikuta nini? Walikuta wapiganaji waliokataa kubeba mizigo na viongozi wanaoonekana mara moja tu kisha wanarudi ng'ambo. Laurent-Désiré Kabila alipita mwezi wa saba, akakaa siku chache, akavuka tena ziwa. Kazi ya kuwalisha wote, Simba na wageni, ilikuwa ya wakulima. Muhogo ulitoka katika mashamba yao, na aliyeutwanga hakuulizwa yuko upande gani. Madaktari wa Cuba walitibu wagonjwa wa vijijini, na hilo lisisahauliwe. Lakini vita vyenyewe viliwashinda. Tarehe 29 Juni walishambulia Bendera, penye mtambo wa umeme wa maji, na Wacuba wanne wakafa. Karatasi zilizokutwa kwenye maiti ziliwaambia maadui kwamba Cuba imeingia Kongo.

Marekani haikutuma vikosi vyake kupigana Fizi. Ilitoa ndege, mashua za doria za ziwani na fedha. Rubani walikuwa Wacuba pia, wale waliomkimbia Fidel Castro na kuajiriwa na shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Basi fikiria, msikilizaji: Mcuba alikuwa angani akitupa mabomu, Mcuba mwingine yuko chini amejificha kwenye majani, wote wawili wanagombania kisiwa kilicho ng'ambo ya bahari, na katikati yao kuna mama wa Kibembe na mtoto mgongoni ambaye Cuba hajawahi kuisikia.

Chini walipigana mamluki wa Mike Hoare, wengi wao wazungu kutoka Afrika Kusini, Rhodesia na Ulaya, pamoja na askari wa serikali. Tarehe 27 Septemba 1965 walishuka Baraka kutoka ziwani. Baraka haikuanguka kirahisi. Simba waliwapiga kwa siku kadhaa, na mamluki wenyewe walikiri baadaye kwamba hawakutegemea upinzani wa namna ile. Mwezi wa kumi Fizi nayo ikachukuliwa. Watu walifanya walichojua: waliingia porini, wakapanda milima, au wakatafuta mtumbwi wa kwenda Kigoma.

Mwisho wake ulikuwa wa haraka mno. Serikali za Afrika zilikuwa zimeanza kupatana na Léopoldville, na Tanzania ikawaomba Wacuba waondoke. Tarehe 21 Novemba Che alipanda mashua, na ufuoni wakabaki wapiganaji waliokosa nafasi, wengine wakilia. Siku tatu baadaye Mobutu akatwaa nchi, na Marekani ikapata rafiki wa kukaa naye kwa miaka mingi. Che alikubali katika kumbukumbu zake kwamba alishindwa. Hoare naye aliandika vitabu. Kila mmoja alikuwa na kwao pa kurudi.

Kilichobaki Fizi ndicho kigumu kusimulia, hasa siku hizi ambapo familia zilizokimbia milima zinalala kwa jamaa na katika nyumba za watu. Simba waliokosa silaha na chakula walipanda kuelekea Itombwe. Huko juu kulikuwa na ng'ombe wa Banyamulenge. Mwanzoni mwa uasi baadhi ya vijana wa Kinyamulenge walikuwa upande mmoja na wenzao wa makabila mengine. Njaa ilipoingia, ng'ombe wakawa posho. Mwaka 1966 wafugaji wengi walichukua bunduki na kuungana na jeshi la Mobutu dhidi ya waasi.

Tangu hapo kuna hadithi mbili. Katika nyumba moja mtoto anaambiwa: hawa ndio waliosimama na Mobutu alipotuchomea vijiji. Katika nyumba nyingine anaambiwa: hawa ndio waliokula ng'ombe wa babu yako na kumwua alipokataa. Hakuna mzee anayedanganya hapo. Kila mmoja anasema alichokiona. Ila ni mara chache utamsikia mtu akiwaambia watoto kwamba bunduki za pande zote mbili zilitoka ng'ambo, zikaletwa na watu waliokuwa wakipimana nguvu mahali pengine, na kwamba walipoondoka hawakukusanya chochote.

Kabila alirudi. Desemba 1967 alianzisha chama cha PRP katika milima ya Fizi, akatawala kipande chake huko Hewa Bora kwa miaka karibu ishirini, akiuza dhahabu na pembe. Mei 1975 watu wake walivuka ziwa na kuteka wanafunzi wazungu waliokuwa wakichunguza sokwe huko Gombe, karibu na Kigoma. Magazeti ya dunia yakaandika Fizi kwa wiki chache, kisha yakaacha. Waliokuwa kati ya PRP na jeshi la Zaire waliendelea kulima upande mmoja usiku na kujibu maswali ya upande mwingine mchana.

Mwaka 1991 Umoja wa Kisovieti ulivunjika. Ulaya na Marekani zikasema vita baridi vimekwisha, na Mobutu akaanza kuona marafiki wake hawapokei tena simu kama zamani. Miaka mitano baadaye, 1996, watu wa Fizi walikuwa tena ndani ya mitumbwi, usiku, wakielekea Kigoma kwa njia ileile ya ziwa waliyopita wazazi wao. Tanzania iliwafungulia kambi ya Nyarugusu. Kuna waliozaliwa kule ambao sasa ni watu wazima wenye watoto, na Lubondja wanaijua kwa kusimuliwa tu.