Chapa ya Kwanza

Thamani ya kitabu kikuukuu aghalabu hutokana na mambo matatu: uchache wake, usalama wa karatasi na jalada lake, na jina la aliyekiandika. Lipo pia jambo la nne, ambalo wauzaji wa vitabu hulijua vyema ingawa hawalitaji sana, nalo ni kosa. Chapa yenye kosa lililosahihishwa baadaye huweza kutafutwa kuliko chapa iliyo sahihi, kwa kuwa kosa hilo halipatikani tena penginepo. Mara nyingi huwa ni kosa dogo, herufi iliyopinduka au ukurasa uliorukwa namba. Kitabu ninachotaka kukizungumzia hapa kosa lake halikutokana na mpiga chapa. Lilikuwa kosa la fikra, na lilituhusu sisi watu weusi.

Kitabu chenyewe kinaitwa Mormon Doctrine, yaani Mafundisho ya Wamormoni. Kiliandikwa na Bruce R. McConkie na kuchapishwa Salt Lake City, katika jimbo la Utah nchini Marekani, mwaka 1958. Chapa hiyo ya kwanza ina kurasa 776, nazo zimepangwa kwa alfabeti mfano wa kamusi: msomaji hutafuta neno, naye hupewa jawabu. McConkie alisomea sheria, na wakati ule alikuwa miongoni mwa viongozi wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lililoasisiwa na Joseph Smith mwaka 1830. Lugha yake ni ya hakimu asomaye hukumu. Hasemi huenda, wala hasemi labda.

Mimi si mfuasi wa dini hiyo. Nilikutana na kitabu hiki kwa sababu ya riziki, nilipokuwa nikifanya kazi katika duka moja la vitabu vikuukuu katika mji huohuo wa Salt Lake City. Nakala za chapa za baadaye zilikuwa nyingi, na tulizipanga katika rafu za chini pamoja na vitabu vya upishi. Nakala ya mwaka 1958 iliwekwa ndani ya kabati la kioo, na bei yake ilikaribia mshahara wangu wa wiki nzima.

Sababu ya tofauti hiyo ni ya kihistoria. McConkie alikitoa kitabu bila ya kuagizwa na Urais wa Kwanza, ambao ndio uongozi wa juu kabisa wa kanisa lake, ilhali jina la kitabu lilimfanya msomaji adhani kwamba anasoma kauli ya kanisa zima. Rais wa kanisa wakati huo, David O. McKay, aliwaagiza mitume wawili, Mark E. Petersen na Marion G. Romney, wakipitie. Petersen alihesabu mahali 1,067 panapohitaji kusahihishwa. Miongoni mwa yaliyochukiza ni kwamba msomaji aliyetafuta habari za Ukatoliki alielekezwa kwenye maelezo ya kanisa la shetani. Mnamo Januari 1960 Urais wa Kwanza uliamua kwamba kitabu hicho kisichapishwe tena. Hata hivyo, mwaka 1966 ilitoka chapa ya pili, iliyosahihishwa chini ya uangalizi wa Spencer W. Kimball. Maneno makali juu ya Wakatoliki yaliondolewa.

Maneno juu ya watu weusi yalibaki. Kitabu kilifundisha kwamba mtu mweusi hawezi kupewa ukuhani katika maisha haya, kwamba nasaba yake inatokana na Kaini aliyemuua nduguye, na kwamba hali yake inafungamana na mwenendo wa roho yake kabla hajazaliwa. Mwandishi hakuizua marufuku hiyo. Ilikuwa ikifuatwa tangu katikati ya karne ya 19, zama za Brigham Young, ingawa Elijah Abel, mtu mweusi, alikwisha kupewa ukuhani mwaka 1836. Alichofanya McConkie ni kuipangia marufuku mahali pake katika alfabeti, kana kwamba ni jambo lililokwisha kuamuliwa milele.

Juni 1978 marufuku ikafutwa. Rais wa kanisa alikuwa ndiye yuleyule Kimball, na McConkie naye alikuwa mmoja wa mitume waliokuwamo katika uamuzi huo. Miezi miwili baadaye, akihutubia katika Chuo Kikuu cha Brigham Young, aliwataka wasikilizaji wayasahau yote yaliyosemwa kabla, na yeye mwenyewe na waliomtangulia, yanayopingana na ufunuo huo mpya. Chapa zilizofuata zikabadilishwa. McConkie alifariki mwaka 1985. Kitabu kiliendelea kuuzwa mpaka mwaka 2010, uchapishaji wake uliposimamishwa. Mwaka 2013 kanisa lilitangaza kwa maandishi kwamba linazikana nadharia za laana na za makosa ya kabla ya kuzaliwa.

Sisi wapenzi wa mashairi ya mwambao hatushangazwi na nakala zinazotofautiana. Al-Inkishafi yenyewe tumeipokea kupitia mikono ya wanakili wengi, na beti zake hazilingani kwa idadi wala kwa mpangilio katika nakala zote. Lakini pale msomaji hutafuta kauli ya mshairi chini ya tofauti za wanakili. Katika kitabu cha McConkie mkono ni mmoja, na kauli zote ni zake. Kinachotafutwa ni kile ambacho mwenyewe aliwaomba watu wakisahau.

Kwa muda niliokaa pale dukani niliwaona wanunuzi wa aina mbili. Wapo waliodhani kwamba chapa ya kwanza ndiyo ukweli mtupu, kabla haujalainishwa. Wapo na mahasimu wa kanisa, waliokitaka kiwe silaha. Wote wawili walikihitaji kosa lile kwa haja zao, na yule aliyetajwa ndani ya kosa hakuwa na nafasi katika haja hizo.

Kisha mwaka 2011 akaja rafiki yangu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, muumini wa kanisa hilo, mtu mweusi kama mimi. Alikuwa akiweka akiba kwa miezi. Nilipomfungulia kabati sikuweza kujizuia.

"Kaka," nikamwambia, "kitabu hiki kwako cha nini? Humo ndani umetukanwa."

"Ndiyo sababu nakitaka, ndugu yangu," akanijibu. "Vile vipya ninavyo vyote, na sijatukanwa popote. Wanangu wakivisoma hivyo tu, watadhani mambo yalikuwa hivi siku zote. Kisha ipo siku mtu baki atawaambia, na wakija kuniuliza mimi, watajua kwamba baba yao alikuwa akijua na akanyamaza."

Nilimuuliza kama haoni uchungu kulipa fedha nyingi kwa ajili ya tusi. Akasema uchungu anao, lakini ni nafuu ausome yeye kwanza, kisha awasomee wanawe kwa sauti yake mwenyewe. Akalipa, nami nikamfungia kitabu chake katika karatasi.

Alikiweka nyumbani kwake, kando ya Kitabu cha Mormoni kwa Kiswahili, kilichotolewa mwaka 2000. Sikupata kumsikia akisema kwamba kimoja kimekifuta kingine. Mwaka 2025 hekalu la kanisa hilo liliwekwa wakfu jijini Nairobi, nao Waafrika huingia humo kwa ibada ambazo mwaka 1958 mtu mweusi hakuruhusiwa. Ni jambo jema kwao, na sina la kuwaambia. Ila naamini kwamba aliyekosea hana haki ya kumchagulia aliyekosewa wakati wa kusahau. Hilo ni la mwenye kukosewa, naye hawezi kuliamua iwapo ushahidi umeteketezwa. Kwa hiyo nasema chapa ile na itunzwe, tena isiachwe mikononi mwa matajiri wa makabati ya kioo peke yao. Iwemo pia katika nyumba za wale waliotajwa ndani yake.