Maji Hayakutoka Bara

Kijijini kwetu, pwani ya mashariki ya Unguja, wazee husema maji ya visima vyetu yanatoka bara. Mto umepita chini ya bahari kutoka milima ya Usambara, ukaibukia kwenye mawe yetu. Ni imani yenye faraja: mto haukauki, basi na kisima hakikauki. Nimelelewa kwa imani hiyo na kwa maji hayo.

Sasa nasoma shahada ya uzamili, na kazi yangu ni kuyauliza maji yenyewe. Si maji yote yana uzito mmoja. Molekuli chache hubeba oksijeni-18 badala ya oksijeni-16 ya kawaida. Wingu likipanda mlima, zile nzito hutangulia kudondoka, kwa hiyo mvua ya milimani huwa nyepesi kuliko ya pwani. Kama maji yetu yangetoka Usambara, alama ya mlima ingekuwemo ndani yake.

Haikuwemo. Nilikinga mvua kwenye paa la Bibi misimu miwili, nikachota kisimani kila mwezi. Maji ya kisima yalifanana na mvua yetu wenyewe, hasa ile kubwa ya masika. Manyunyu hunywewa na jua na mizizi kabla hayajafika chini.

Kemia nayo ikasema lake. Chini ya kisiwa, maji matamu huelea juu ya maji ya bahari ndani ya mwamba wa matumbawe. Kila mita moja iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba takriban mita 40 chini yake. Pampu ikiyashusha ya juu, ya bahari hupanda. Wala si lazima yapande mengi: lita moja ya maji ya bahari ina kama miligramu 19,000 za kloridi, kwa hiyo asilimia 2 tu yakiingia kisimani, ulimi unajua. Mchanganyiko mdogo hivyo isotopu hazioni vizuri. Kloridi huuona mapema. Kisimani kwetu ilipanda kila kiangazi, ikashuka baada ya masika.

Kamati ya maji inataka kufunga pampu ya pili, na anayesikilizwa pale ni Bibi, si mimi. Nilimwendea jioni, anasuka ukili.

"Shikamoo Bibi. Ule mto haupo. Tunakunywa mvua ya hapa hapa."

"Marahaba." Akasuka kidogo. "Kwa hivyo hiki kisima ni mtungi?"

"Ni mtungi, Bibi. Masika huujaza."

"Na kata kashika nani?"

Swali hilo halimo kwenye tasnifu yangu. Lakini ndilo analokwenda nalo mkutanoni: pampu ya pili ikifungwa, nani atahesabu ndoo mwezi wa pili, masika hayajaingia?